Kabla hujamkabidhi mwanao kamera ya mtumba, ipeleke ukutani

Tabora. Kijana amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka alikotaka, sasa anaomba kamera apige picha za harusi na mahafali. Mzazi anauza madebe ya asali, fedha zinatumwa Dar es Salaam, na siku chache baadaye mzigo unashuka. Kamera inawaka, nyumba nzima inafurahi.

Shida huonekana baada ya kazi ya kwanza. Tuseme ukoo mzima umepangwa mbele ya tembe la Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, alikoishi Livingstone mwaka 1872. Maharusi katikati wametoka safi, lakini bibi aliyesimama mwisho kushoto hana macho wala mdomo. Picha ile hairudiwi. Kijana ataambiwa mikono inatetemeka, na huenda kosa si lake.

Lenzi si kioo kimoja. Ile ndogo ya Canon ya milimita 50, wanayoanzia wengi, ina vioo 6 ndani; za kuvuta karibu mara nyingi huzidi 10. Kila kioo husagwa, hung'arishwa, huchongwa ukingo ili kitovu chake kiwe katikati, hupakwa utando wa kupunguza mng'ao, kisha vyote hupangwa kwenye mstari mmoja. Kimoja kikikaa upande hata kwa unene wa unywele, sehemu ya picha inaweza kufifia. Kiwanda hujiwekea mpaka wa kosa kinaloweza kulivumilia. Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya Lensrentals nchini Marekani, amepima nakala nyingi za lenzi za aina moja na kuonyesha kwamba hazilingani kabisa. Kwa hiyo sifa ulizosoma mtandaoni si za hiyo uliyoletewa, hasa kama ilishawahi kumdondoka mwenyewe wa kwanza.

Kuipima ni bure. Tafuta ukuta wa matofali ya kuchoma, na Tabora haina uhaba wake. Weka kamera kwenye stendi, iutazame ukuta sawasawa, chagua namba ndogo kabisa ya f, piga. Kuza picha uangalie pembe nne. Zote kufifia kidogo kuliko katikati ni kawaida. Moja kuzidi wenzake, hapana. Sasa geuza kamera juu chini, piga tena. Ukungu ukihamia upande wa pili wa ukuta, lenzi ina kasoro. Ukibaki kwenye matofali yaleyale, kamera ilikaa mshazari.

Mwombe muuzaji akutumie picha hizo mbili kabla hujatuma fedha, mkubaliane na siku za kurudisha. Kama imeshanunuliwa na hairudi, kijana apige picha za makundi kwa f/8, aache nafasi pembeni, na bibi asogezwe katikati.