Kutoka Kikima Hadi Mji wa Kale Mombasa: Panga Pesa Kabla ya Safari

Umeuza maembe, umeweka kitu kidogo kwa simu, na sasa unataka kuipeleka familia Mombasa siku mbili. Safari nyingi huharibika kwa pesa kuisha njiani au kumwendea tapeli. Hebu tupange pamoja.

Gawa pesa mara tatu

Tenga ya njia, ya kulala na ya mdomo. Ya njia lipa kwanza, kwenda na kurudi. Kutoka Kikima, panda matatu hadi Wote, kisha Emali ukapande treni ya SGR. Chagua ile ya Inter-County inayotoka Nairobi asubuhi, ndiyo husimama Emali. Tiketi huuzwa kwa simu kupitia *639#. Beba kitambulisho halisi. Ukifika, jua kituo kiko Miritini, nje ya mji, kwa hivyo acha nauli ya kukuingiza mjini.

Malazi: hapa ndipo watu huliwa

Picha nzuri mtandaoni si nyumba. Mtu akikuharakisha utume deposit kwa nambari yake binafsi, "kuna mwingine anaitaka", tulia. Piga simu, uliza mtaa na jengo, na umwombe mtu unayemjua Mombasa apite hapo. Ukilipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa tofauti na uliloambiwa, katisha. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu.

Ya kuona

Anza Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi wakaitwaa 1698, na baadaye Waingereza wakaifanya jela. Tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kiingilio ni pesa ya serikali, na malipo ya serikali hupitia eCitizen, paybill 222222. Mtu akikusimamisha langoni akitaka umtumie yeye, kataa.

Ukitoka hapo, ingia vichochoro vya Mji wa Kale kwa miguu, uone milango ya kuchongwa na roshani za mbao. Hilo halina kiingilio. Hata feri ya Likoni, anayevuka kwa miguu halipi.

Ya kula

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mchana pilau au biriani. Jioni viazi karai, mishikaki na maji ya ukwaju, kisha kahawa chungu kwa kikombe kidogo. Muthokoi utaikuta nyumbani ukirudi!

Wauzaji wengi wana till, lakini si wote. Toa pesa taslimu kidogo mara moja asubuhi, kwa sababu kutoa mara tano ni kulipa ada mara tano. Ukilipa kwa till, ngoja ujumbe uingie kabla ya kuondoka.

Kabla ya kufunga mlango

- Chaji simu, na uandike nambari mbili za nyumbani kwenye karatasi.
- Usimpe yeyote PIN, hata akisema anatoka kwetu. Sisi hatuiulizi.
- Simu ikipotea, azima nyingine haraka, utupigie tufunge laini.

Safari njema, na pesa ya kurudi isiguswe.