Kwa Nini Betri ya Lori la Zamani Hufa?

Wasikilizaji wetu, yafaa leo tuzungumze habari za lori la zamani ambalo betri yake hufa mara kwa mara. Twaijua taabu hii, kwa maana ilitupata chuoni kwetu. Lori letu lilileta mahindi na kuni, na usiku likawapeleka wagonjwa hospitali. Ikawa kila asubuhi wanafunzi hawana budi kulisukuma. Dereva alisema betri imechoka. Zikachangwa fedha, ikanunuliwa mpya. Hazikupita wiki mbili nayo ikafa, tena usiku ule ule alipokuwapo mama mwenye uchungu wa uzazi. Alichukuliwa kwa machela maili 4, akafika salama, lakini aibu ilikuwa yetu.

Kosa letu lilikuwa kuidhania betri kuwa kisima, kumbe ni mtungi tu, hutoa kilichotiwa. Katika magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1960, mwenye kuujaza mtungi huo ni dainamo, chombo kizungushwacho na injini kwa mkanda wa feni. Malori ya baadaye yana altaneta, na vipimo vyake ni vingine. Hayo hatuyasemi leo.

Hebu tufanye hesabu. Taa mbili kubwa za wati 36 kila moja, katika betri ya volti 12, hula ampea 6. Betri ya ampea-saa 60 isiyojazwa haitazidi saa 10, na taa zitafifia kabla ya hapo.

Fundi mzee aliyeitwa hakuishughulikia betri kwanza. Alitaka kuiona taa nyekundu iliyo mbele ya dereva. Swichi ikifunguliwa hali injini imesimama, yapasa iwake. Injini ikienda kasi kidogo, yapasa izimike. Yetu haikuzimika kamwe, na dereva alikuwa ameizoea kama pambo!

Kisha akaukandamiza mkanda kwa kidole gumba. Ukilegea sana, au uking'aa kama kioo upande wa ndani, huteleza, na dainamo haizunguki ipasavyo. Wetu ulikuwa mzima. Akatazama vichwa vya betri, maana unga mweupe uotao pale huzuia umeme. Aliuosha kwa maji ya magadi, akiangalia yasiingie ndani, kwa sababu magadi huiua asidi. Tena alituamuru tuweke mbali kiko na taa ya mafuta: betri inapojazwa hutoa hewa ya haidrojeni, nayo hulipuka.

Sasa tufike penye kiini. Dainamo yetu ilikuwa ya vichwa viwili, D na F, kama zile za Lucas za Uingereza. Injini ikiwa imezimwa, alizitoa nyaya zake mbili, akaviunganisha vichwa kwa kipande cha waya, akaweka mita ya volti kati ya waya huo na chuma cha dainamo. Ndipo injini ikawashwa kwa hendeli, ikaenda polepole. Dainamo njema hupandisha sindano upesi pasipo kuyumba. Isiachwe kupita volti 20, wala injini isikimbizwe. Yetu haikufika volti 1.

Kama sindano ingalipanda, ingalifuata katauti kupimwa, yaani kisanduku kinachofungua njia ya umeme dainamo ifikapo karibu volti 13, na kuifunga injini ipungukapo mwendo, ili umeme wa betri usirudi nyuma. Midomo ya katauti ikigandamana, betri hunyonywa usiku kucha lori likiwa limelala. Lakini kwetu ubaya ulikuwa ndani ya dainamo yenyewe.

Ilipofunguliwa, brashi mbili za kaboni zilikuwa zimelika hata springi hazikuweza tena kuzikaza juu ya shaba. Bei ya brashi mpya ilikuwa ndogo mno kuliko ya betri. Fundi alizibadili, akaisugua shaba kwa msasa laini wa kioo, si wa emeri, na jioni ile taa nyekundu ikazimika. Betri mpya ilijazwa ikapona. Ile ya kwanza, iliyokaa stoo tupu muda wote huo, mabamba yake yalikuwa yamekwisha kugandwa na chumvi nyeupe ya risasi, ikakataa kujazwa.