Majora Kumi, Maduka Mawili

"Fundi, programu gani nzuri ya kuunganisha maduka yangu?" Hivyo ndivyo anavyoniuliza mfanyabiashara wa Kariakoo anayefungua duka la pili. Kabla sijataja programu yoyote, nami huuliza langu: "Bosi, mtandao ukikatika saa tano asubuhi, duka liendelee kuuza au lisimame?" Wengi hushangaa. Lakini jibu la swali hilo lina uzito kuliko bei ya programu na kuliko umaarufu wake.

Kazi yangu ni kufunga na kutunza kanzidata za maduka, hasa ya vitenge na vipuri, kuanzia Mtaa wa Aggrey hadi Gerezani. Kanzidata ni kumbukumbu zote za duka zilizopangwa ndani ya kompyuta: bidhaa, bei, mauzo, madeni. Kompyuta inayozitunza na kuzijibu kompyuta za kaunta ndiyo seva. Kila duka likiwa na seva yake, lazima pawepo kitu cha kubeba mabadiliko kutoka hapa kwenda kule.

Wapo wanaosema weka kila kitu kwenye seva moja ng'ambo, mambo yaishe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Duka ambalo kanzidata yake nzima ipo ng'ambo linakwama siku kama ile. Lenye nakala yake pale pale kaunta linaendelea kuuza. Na mteja wa Kariakoo hasubiri, anavuka mtaa.

Kati ya programu za kuoanisha seva, Galera, inayotumika na programu za kanzidata za MySQL na MariaDB, inasifiwa sana, na kwa haki. Unaandika kwenye seva yoyote, na badiliko halikubaliwi mpaka zile nyingine zilipokee na kuonekana haligongani na lingine. Ndani ya jengo moja ni tamu. Kati ya Kariakoo na Mwanza, kila uuzaji unasubiri mtandao. Mawasiliano yakikatika, upande wenye seva chache unakataa kuandika. Zikiwa mbili tu, zote husimama, kwa kuwa hakuna upande wenye seva nyingi zaidi. Imetengenezwa hivyo ili hesabu zisiharibike. Benki itashukuru. Muuza vitenge mwenye foleni ya wateja atanipigia simu kwa hasira.

PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, tangu toleo la 10 la mwaka 2017, inakuruhusu kuchagua jedwali gani liende wapi: bei zitoke duka kuu kwenda matawini, mauzo yatoke matawini kuja duka kuu. Kila jedwali lina mwenyewe, hakuna kugombania. Ila tawi likizimika siku nyingi, seva kuu hulilimbikizia mabadiliko mpaka diski ijae, kwa hiyo weka kikomo. Toleo la 13 linakuruhusu.

Kwa maduka yenye mtandao wa kusuasua, mimi huelekea programu ya kuoanisha ya SymmetricDS. Toleo lake la wazi halina malipo. Inapanga mabadiliko kwenye foleni, inayatuma mtandao ukirudi, na haijali kama upande mmoja una MySQL na mwingine PostgreSQL. Inaongeza mzigo kidogo kwenye seva, lakini huo naukubali.

Sasa, hili haliponywi na programu yoyote. Maduka mawili, la Aggrey na la Mtaa wa Congo, yanachota stoo moja. Yote yanaona majora 10. Mtandao unakatika. Aggrey wanauza 3, wanaandika yamebaki 7. Congo wanauza 4, wanaandika 6. Mtandao ukirudi, kanuni ya "aliyeandika mwisho ndiye mshindi" itakupa 6 au 7, wakati stoo kuna 3. Tena mshindi anaamuliwa na saa ya kompyuta, na kompyuta yenye betri ya saa iliyokufa inaweza kurudi tarehe za miaka ya nyuma kila ikiwashwa.

Dawa ni kuandika matukio badala ya salio: toka 3, toka 4, kisha salio likokotolewe. Matukio hayagombani, yanajumlishwa tu. Namba za risiti nazo zianze na alama ya duka, zisigongane. Na kama hutaki jora la mwisho liuzwe mara mbili wakati hakuna mawasiliano, gawa mzigo: haya ya Aggrey, yale ya Congo.

Mfanyabiashara asidanganywe pia kwamba kuoanisha seva ni kuhifadhi nakala. Kijana wa kaunta akifuta madeni ya mwezi mzima kwa bahati mbaya, programu itayafuta kwa uaminifu kwenye seva zote. Nakala ya jana iwepo, tena nje ya jengo. Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na moto hauchagui kati ya kitabu cha madeni na kompyuta.

Kabla mteja hajalipa chochote, tunafanya jaribio. Nachomoa waya wa mtandao mchana, maduka yote mawili yanauza, mtu mmoja anabadilisha bei, mwingine anarudisha mzigo. Jioni nachomeka waya, tunasubiri foleni iishe, halafu tunakwenda stoo na bosi mwenyewe kuhesabu majora kwa mkono. Hesabu ya stoo ikikataa, programu haifungwi, hata kama fedha zimeshatengwa.