Analipa laki moja na nusu, deni linapungua elfu nane

Mama Asha anatoa Sh150,000 kila mwezi kulipa madeni ya nyumba, na hakosi. Mwezi wa kwanza unapoisha, deni limepungua kwa Sh8,000. Hakuibiwa wala hakukosea kuhesabu. Sh142,000 zilikwenda kwenye riba, na kilichobaki ndicho kilichogusa deni lenyewe.

Mume wake hachangii. Ukimuuliza atakwambia, "Lile deni la mama Asha mimi sikuwepo wakati anasaini." Ni kweli hakuwepo. Lakini kutochangia kwake kuna bei, na bei hiyo inahesabika hadi shilingi ya mwisho.

Nyumba hii nimeiunda kwa ajili ya hesabu, tuseme iko Mbagala. Ila hakuna deni ndani yake ambalo sijalikuta kwenye nyumba ya mtu ninayemjua. La kwanza ni kausha damu, Sh500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Mama Asha aliichukua kimyakimya ili arudishe vitenge mezani baada ya mtaji kuishia kwenye msiba. Kikoba kinamdai Sh600,000 kwa asilimia 5 kwa mwezi. Baba Asha naye ana mkopo wa simu wa Sh120,000 unaokatwa asilimia 10 kwa mwezi. Anaulipa asubuhi, mchana anakopa tena. Mwisho kuna daftari la dukani kwa Mangi, Sh85,000 za sukari, sembe, sigara na vocha. Hilo halina riba. Jumla Sh1,305,000.

Baba Asha ana pia mkopo wa benki wa Sh4,000,000 unaokatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia. Huo ndio unaomkosesha usingizi kwa sababu ni mkubwa. Tuupime. Riba za benki zetu zinazungukia asilimia 15 kwa mwaka, kwa hiyo milioni nne inakula takriban Sh50,000 kwa mwezi mwanzoni. Kausha damu ya laki tano inakula Sh100,000. Deni dogo mara nane lina gharama mara mbili. Nyumba nyingi zinaogopa deni lisilo la hatari sana na kulizoea lile linalozimaliza. Mkopo wa benki uachwe uendelee kukatwa, tushughulike na manne yaliyobaki.

Sasa tuangalie nguvu ya mtu mmoja na ya watu wawili. Baba Asha naye akitoa Sh150,000, jumla inakuwa Sh300,000 kwa mwezi. Wakilipa riba zote kwanza, kisha kinachobaki wakakielekeza kwenye deni lenye riba kubwa kuliko mengine, wanamaliza mwezi wa sita. Riba yote waliyolipa: kama Sh383,000.

Mama Asha peke yake, kwa utaratibu uleule? Wengi tungesema nusu ya fedha ni mara mbili ya muda, yaani mwaka mmoja. Sivyo. Anamaliza mwezi wa 21, na riba inafika Sh1,775,000. Baada ya miezi sita, wakati wawili wangekuwa wameshamaliza, yeye ametoa Sh900,000 na deni limepungua kwa Sh79,000 tu. Sababu ni kwamba riba haipungui kwa kuwa mlipaji ni mmoja. Inachukua Sh142,000 zake kwanza, atokee mmoja au wawili. Sh150,000 za pili zikiingia, zote zinakwenda kwenye deni lenyewe.

Hapo ndipo moyo wa mtu unapovunjika, na sioni kosa lake. Mwanamke anajinyima miezi sita, haoni kitu kimesogea, anaanza kuamini kwamba madeni hayalipiki. Anapomwona mwenzake anarudi na viatu vipya, hasira inayompata si ya viatu.

Namna ya kumwambia mume ina uzito kuliko kiasi kinachodaiwa. Nimeona wengi wakianza na jumla: "Tunadaiwa milioni moja na laki tatu." Mtu akisikia hivyo anajifunga, kwa sababu hana milioni na hajui aianzie wapi. Gawanya Sh142,000 kwa siku 30. Ni Sh4,733 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kama sembe dukani kwao ni Sh1,500 kwa kilo, nyumba inatupa kilo tatu za unga kila siku bila mtoto kula. Hiyo baba Asha anaielewa bila kalamu, maana yeye ndiye anayeacha hela ya matumizi mezani asubuhi.

Lakini kabla ya hesabu kuna jambo la kusema kwanza. Mama Asha alikopa bila kumwambia. Asipolikiri hilo mwenyewe, kila namba atakayoitoa itasikika kama mtego. "Baba Asha, nilikosea kukuficha. Leo nataka uone yote, na yangu na yako." Siri za namna hii zina gharama zake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, ila friji, televisheni na makochi vinaandikwa kwenye fomu za kausha damu jioni moja tu, na mwenzi anakuja kujua siku pikipiki ya matairi matatu inaposimama mlangoni kubeba.

Baada ya hapo ni kupanga deni lipi litangulie. Kihesabu jibu ni moja: kausha damu kwanza, Mangi mwisho, kwa sababu Mangi hatozi riba. Mimi nisingefanya hivyo kwenye nyumba hii. Daftari la Mangi ni la baba Asha. Ni miezi sasa hapiti mbele ya duka lile. Akitoka kituoni anazunguka kwa nyuma, anapita penye mfereji wa maji machafu, anaingia kwake kwa mlango wa uani. Watoto wameshaijua njia hiyo. Mtu anayezunguka mtaa mzima kukwepa Sh85,000 hawezi kuambiwa asubiri miezi sita ndipo deni lake lifikiwe.

Wakimlipa Mangi mwezi wa kwanza, kisha wakahamia kausha damu, simu na kikoba, bado wanamaliza mwezi wa sita. Riba inapanda kutoka Sh383,000 hadi Sh452,000. Tofauti ni kama Sh69,000. Hiyo ndiyo bei ya kumpa mume ushindi mwezi wa kwanza, na ni fedha ya kweli, siifichi. Ila ilinganishe na nyumba ambayo yeye amekaa pembeni na riba imefika Sh1,775,000. Sh69,000 zinaokoa zaidi ya Sh1,300,000. Ningezilipa bila kusita.

Kuna wanaoshauri kuanza na deni dogo hadi kubwa kwa kila hali, Mangi, kisha simu, ndipo kausha damu. Kwenye nyumba hii hiyo ingegharimu riba ya Sh493,000. Hapo mimi naweka mpaka. Deni moja dogo la kumpa mtu moyo linatosha. Kuiacha asilimia 20 ikitafuna mwezi wa pili kwa ajili ya mkopo wa simu ni kununua moyo kwa bei ya juu mno.

Halafu kuna hela ya kijiweni. Mpango wa madeni unaomkata mwanamume kahawa yake, vocha na mpira wa Jumamosi haufiki mwezi wa tatu. Ataficha, na mkishaanza kufichana mmerudi mlikotoka. Tuseme anaachiwa Sh20,000 kila mwezi, asiulizwe zimekwenda wapi, na malipo yanashuka hadi Sh280,000. Wanamaliza mwezi wa saba badala ya wa sita, na huo wa saba wanahitaji Sh123,500 tu. Riba inaongezeka kwa Sh47,000. Mama Asha naye apewe zake, kwa haki hiyohiyo. Wanawake wengi hapa wanajisahau wenyewe kwenye mpango, kisha wanachoka kabla ya mtu yeyote.

Na akikataa kabisa? Ipo hatua moja asiyohitaji kumngoja mume, nayo ni kubwa.

Kwanza tuielewe kausha damu inavyohesabiwa, hasa ile ya kulipa kila siku. Unapewa Sh300,000, unarudisha Sh12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla Sh360,000, na mwenye kukukopesha anasema riba ni asilimia 20. Lakini ile laki tatu hukukaa nayo mwezi mzima. Ulianza kuirudisha kesho yake, na kwa wastani fedha iliyokuwa mikononi mwako ni kama Sh155,000. Sh60,000 juu ya Sh155,000 ni karibu asilimia 39 kwa mwezi. Ongeza hela ya fomu inayokatwa kabla hujapokea, inazidi hapo. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Kwa laki tano ya mama Asha hiyo ingekuwa Sh17,500 badala ya Sh100,000. Anayetoza asilimia 20 yuko nje ya ukomo huo, au hana leseni kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, kwa hiyo kuuliza leseni kabla ya kukopa si ukorofi.

Sasa hatua yenyewe: kuhamisha deni. Vikoba vingi vinakopesha hadi mara tatu ya hisa. Kama mama Asha ana hisa za Sh400,000, ukomo wake ni Sh1,200,000, na amekopa Sh600,000. Akipata wadhamini na zamu ikamfikia, anachukua Sh500,000 kwenye kikoba na kuifuta kausha damu siku hiyohiyo, bila kupita nyumbani na zile fedha. Riba ya mwezi inaporomoka kutoka Sh142,000 hadi Sh67,000. Akiendelea na Sh150,000 zake zilezile, peke yake, mwezi wa kwanza deni linapungua kwa Sh83,000 badala ya Sh8,000. Anamaliza mwezi wa 12, siyo wa 21, na riba yote ni Sh398,000. Sehemu ya riba hiyo inamrudia kama gawio kikoba kinapovunjwa mwisho wa mwaka, jambo ambalo kausha damu haijamfanyia mtu yeyote.

Mume akiona kausha damu imetoka mlangoni bila ugomvi, mara nyingi ndipo anaposogea. Akiingia hata hapo na Sh150,000 zake tangu mwezi wa kwanza baada ya kuhamisha deni, na Mangi akalipwa kwanza, riba yote inakuwa kama Sh205,000.

Kwa walioamua kulipa pamoja bila kuhamisha deni, kuna karatasi ya kubandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo wageni hawaoni. Wengi wanaandika deni lililobaki. Mimi ningeandika riba ya mwezi huo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mapema kwamba kujinyima kunafanya kazi. Katika mpango wa kumlipa Mangi kwanza, karatasi ya nyumba hii ingesomeka hivi, kwa mwandiko wa baba Asha, maana ni vizuri aandike yeye: 142,000. 127,400. 92,880. 51,456. 25,937. 12,234.

Mwezi wa nne akiandika, riba imeshuka kwa zaidi ya Sh90,000 kutoka ile ya mwezi wa kwanza. Hiyo inazidi deni lote lililokuwa likimfanya apite uchochoroni.