Bei ya Kuonyeshwa Gofu

Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, mashamba mengi ya Tanga yaliacha vinu vitupu. Likizo iliyopita, hapa Mnyuzi, kijana mmoja alitutaka shilingi 5,000 atuambie kimoja kilipo. Habari ya namna hii ni bidhaa ya ajabu: ukiisha kuisikia, huna haja ya kuilipia, nawe usipoisikia, hujui thamani yake. Tukapatana atutangulie: 2,000 tukifika, 1,000 tukirudi salama, kwa maana yeye ndiye aliyejua mbao zilizooza. Ruhusa ya mlinzi tuliipata bure. Lakini wale wauzao ramani za dhahabu ya Wajerumani (wapo wengi!) hutaka fedha zote kwanza, wala hawakubali kufuatana nawe.