Tarehe ya Picha Haijapotea

Swali linarudi vilevile: picha zimehamishiwa kompyuta mpya, zote zinaonyesha tarehe ya jana, je, tarehe zake zitarudishwaje? Hazijapotea. Mnachokiona kwenye folda ni tarehe ya faili, ambayo kompyuta hujiandikia kwa kazi zake: faili iliwekwa hapa lini, ilibadilishwa lini. Tarehe ya kupigwa picha imo ndani ya faili yenyewe, katika kumbukumbu iitwayo EXIF, iliyoandikwa na kamera kitufe kilipobonyezwa. Kunakili hakuigusi.

Hata hivyo, tiba inayosambazwa mtaani ni kurudisha nyuma saa ya kompyuta hadi siku picha zilipopigwa, tuseme ya harusi, kunakili picha, kisha kuirekebisha saa. Inapendwa kwa sababu tarehe hubadilika kweli mbele ya macho. Lakini hubadilika kuwa nini? Picha za siku tatu zinapewa saa moja, mkesha unachanganyika na karamu, na mpangilio ambao kamera iliutunza kwa sekunde unafunikwa na makisio ya mtu. Tena saa ikiwa nyuma, tovuti nyingi salama hukataa kufunguka, na kila faili nyingine inayoandikwa wakati huo hupata tarehe ya uongo. Mkizinakili tena kwenye Windows, tarehe ya kuundwa faili inabadilika upya, na kazi yote imekuwa bure. Wengine huifungua picha na kuihifadhi upya ili ishike tarehe waitakayo. Hao wanaharibu zaidi, kwani JPEG hubanwa tena na kupoteza ubora, na baadhi ya programu hufuta EXIF yote.

Watasema kamera nayo hudanganya. Ni kweli: betri ikifa, saa yake huweza kurudi mwanzo. Ila kosa hilo ni la kiasi kilekile kwa picha zote zilizofuata. Ukiijua saa halisi ya picha moja, unazisogeza zote kwa tofauti hiyo na mpangilio unabaki. Watasema pia picha za WhatsApp hazina kumbukumbu hiyo. Kweli tena, huondolewa zinapotumwa kama picha, na jina kama IMG-20190412-WA0007 linataja siku zilipopita WhatsApp tu. Picha ya 1998 iliyoskaniwa na kutumwa leo itabeba tarehe ya leo. Dawa ni kumwomba aliyeipiga aitume faili ya asili kama dokumenti.

Kazi yenyewe ni fupi. Weka nakala ya akiba kando. Pakua ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey, kisha andika amri hii ikifuatiwa na jina la folda: exiftool "-FileModifyDate<DateTimeOriginal". Kusogeza picha mbele kwa saa tatu: exiftool "-AllDates+=3:0". Video zichunguzeni peke yake, maana nyingi za MP4 huandikwa kwa saa za UTC: iliyorekodiwa Dar es Salaam saa nane usiku husomeka saa tano usiku wa siku iliyotangulia. Mliopakua picha kutoka Google Photos kwa Takeout mtakuta faili za JSON pembeni, nazo zina tarehe ya kupigwa. Tafadhali msizifute kabla ya kumaliza.