Moyo Ukienda Mbio, Tafuta Sababu

Mvuvi wa Jibondo akikutwa na dhoruba baharini, moyo humdunda, viganja hutoa jasho na pumzi humbana. Bwana harusi wa Kirongwe naye hupatwa na hayo hayo, lakini kwa furaha. Mwili hutumia dalili zile zile kwa mambo mengi.

Wataalamu wamejifunza kuzipima dalili hizo. Mwaka 1924, daktari Mjerumani, Hans Berger, alinasa umeme mdogo unaotoka katika ubongo wa binadamu. Mwaka 1997, Rosalind Picard wa Marekani alitoa kitabu kuhusu kompyuta zinazotambua hisia za watu. Siku hizi ziko saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo. Viko pia vyombo vya kupima jasho, kwani ngozi yenye jasho hupitisha umeme kwa urahisi zaidi.

Lakini chombo huona tu kwamba moyo unakwenda mbio. Sababu hakiijui. Yaweza kuwa hofu au furaha. Yaweza pia kuwa homa ya malaria au upungufu wa damu.

Jambo hili linatuhusu hata tunapopima presha. Mtu aliyevuka kwa mashua kutoka Chole hadi Utende, kisha akasafiri mpaka hospitali ya Kilindoni, hufika amechoka na ana wasiwasi. Presha yake yaweza kupanda kwa muda. Basi tufanye hivi:

1. Kabla ya kupimwa, kaa utulie kwa dakika 5. Egemeza mgongo, na miguu ikanyage chini. Usivute sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa ya kabla ya kupimwa.

2. Mweleze mganga ukweli: umetoka wapi, unaumwa nini, una wasiwasi gani.

3. Nyumbani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika 1. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100. Yakizidi 100 mara kwa mara, nenda kituo cha afya.

4. Usiache dawa ya presha kwa kudhani kuwa ni hofu tu. Ukiumwa kifua au ukizimia, upelekwe hospitali mara moja.

Vyombo ni vizuri, tuvitumie. Lakini tusiache kumwuliza mgonjwa mwenyewe, kwani yaliyomo moyoni anayajua mwenye moyo.